'Anti' wa darasani: si yaya, si tarishi

Nikikuambia unitajie watu wanaofanya kazi shuleni, haraka haraka utasema mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mhasibu anayekufukuzia ada, mlinzi wa getini na mama anayeuza maandazi nje ya uzio. Utamsahau mmoja, naye ndiye anayeshinda na mtoto wako tangu asubuhi mpaka mchana.

Watoto wanamwita 'anti'. Shule nyingine zinamwita matroni, nyingine mwalimu msaidizi, na kule wanakopenda Kizungu utasikia 'ticha asistanti'. Jina lolote utakalompa, ni yule dada (au kaka, ingawa wanaume ni wachache) aliyesimama nyuma ya darasa wakati mwalimu anaandika ubaoni.

Kazi hii naijua. Niliifanya kwa miaka miwili baada ya kumaliza kidato cha sita, katika shule moja ya awali hapa Dar es Salaam. Jina la shule naliweka kapuni, maana shida zake ni za nyingi. Nilichokiona humo ndicho kinachonifanya leo nishike kalamu, kwa sababu kila mwaka naona vijana wengi wanaingia kazi hii bila kuambiwa ni kazi gani, na wazazi wanalipa ada bila kujua wamemwachia nani mtoto.

Kazi yenyewe ni ipi?

Watu wanadhani ni kufuta kamasi na kupeleka watoto msalani. Hayo yamo, wala hayana aibu. Mtoto wa miaka minne aliyejilowesha hawezi kusikiliza habari ya a, e, i, o, u mpaka awe mkavu. Lakini kuna mengine.

Asubuhi msaidizi anawapokea watoto, na hapo hapo anawakagua kwa macho. Nani ana homa? Nani amekuja hajala? Nani ana alama mwilini ambayo jana haikuwepo? Darasani anagawa vitabu, anachonga penseli, anaandaa vizibo na vijiti vya kuhesabia. Mwalimu akifundisha, yeye anazunguka. Anamwonyesha huyu jinsi ya kushika penseli, anamtuliza yule, anamrudia wa tatu ambaye hakuelewa. Mapumziko anasimama uwanjani, maana ajali nyingi hutokea hapo. Mchana anahakikisha mtoto anakabidhiwa kwa mtu anayejulikana, si kwa kila anayesema "mimi ni anko wake".

Halafu kuna kazi moja ambayo haimo kwenye barua yoyote ya ajira: kuona. Mwalimu mwenye watoto arobaini anaona darasa. Msaidizi anamwona mtoto.

Kulikuwa na mvulana mmoja aliyepewa sifa ya ukorofi. Ukimwita haji, ukimtuma analeta kitu kingine. Nilikuwa nakaa naye meza moja, nikagundua kwamba akiniangalia mdomoni ananielewa, akinipa mgongo haelewi kitu. Nikamweleza mwalimu wa darasa. Naye, Mungu ambariki, hakuniambia "wewe umesomea nini?" Akajaribu mwenyewe, akamwita mama yake. Hospitali wakakuta masikio yote mawili yana usaha wa siku nyingi.

Mama yule alinishika mkono pale getini. "Mdogo wangu," akaniambia, "mwaka mzima nampiga huyu mtoto nikidhani ananidharau." Sikuwa na la kumjibu. Nilimpa pole tu.

Mpaka uko wapi?

Hapa ndipo penye mgogoro. Msaidizi hatungi andalio la somo, hatoi mtihani wala haamui nani apande darasa. Hiyo ni kazi ya mwalimu aliyesomea. Lakini twende kwenye ukweli wa mjini: mwalimu ana udhuru, mwalimu yuko kwenye kikao, mwalimu ameacha kazi tangu wiki iliyopita na hajapatikana mwingine. Nani anabaki na darasa? Anti. Tena kwa mshahara ule ule wa anti.

Upande wa pili wapo wanaomgeuza tarishi. Anatumwa chai, anatumwa vocha, anadeki korido wakati watoto wako peke yao. Hapo mwenye kupoteza si yeye peke yake.

Na fimbo je? Sikilizeni vizuri. Kanuni za nchi yetu zinampa ruhusa ya kuchapa viboko mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, tena visizidi vinne na viandikwe kwenye kitabu. Msaidizi hayumo. Ukimwona anti na rula mkononi, ujue amevuka mpaka, na aliyemwachia avuke naye ana kesi ya kujibu.

Kwa mtoto mwenye ulemavu mambo ni mazito zaidi. Nenda Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, hapa hapa Dar es Salaam, ambako watoto wasioona, wenye ulemavu wa akili na hata viziwi wasioona wanasoma shule moja na wenzao. Mtoto asiyeona na asiyesikia anafundishwa kwa kushikwa mkono. Hapo mtu wa pili darasani ni njia yenyewe ya kujifunza. Bila yeye, mtoto amekaa gizani na kimyani mpaka kengele ya kwenda nyumbani, kengele ambayo hata haisikii.

Si jambo geni

Wazee wetu wanakumbuka. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilitaka kila mtoto awe shuleni, na walimu hawakutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa huku wakiwa kazini, wengine kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Ndio wale walioitwa walimu wa UPE. Walichekwa sana, lakini wengi wenu mnaosoma gazeti hili, wazazi wenu walifundishwa a, be, che na hao hao.

Mwaka 2016 elimu bila ada ilipoanza, watoto wakafurika tena. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 darasa la awali, na 45 shule ya msingi. Lakini ingia darasa la kwanza la shule ya umma ya pembezoni mwa jiji, uhesabu mwenyewe vichwa. Ukifika mia usishangae. Katika mikoa kadhaa, kama Dodoma, Kigoma na Lindi, mpango wa EQUIP-T uliokuwepo kati ya 2014 na 2020 uliwatumia vijana wa kijijini hapo hapo kuwaandaa watoto kuanza shule, kwa hadithi na michezo, kwa wiki chache tu. Kwa hiyo msaidizi si mapambo ya shule za ada kubwa. Anahitajika zaidi kule ambako hayupo.

Wenzetu wamejifunza nini?

Usidhani ukiongeza mtu tu darasani mambo yanajipa. Jimbo la Tennessee, Marekani, kuanzia mwaka 1985 walijaribu aina tatu za madarasa: dogo la watoto 13 hadi 17, la kawaida la watoto 22 hadi 25, na la kawaida lenye msaidizi. Darasa dogo liliinua watoto. Lile lenye msaidizi halikupishana sana na lile lisilo naye.

Uingereza nako, utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2009 uliwashtua watu. Watoto waliosaidiwa zaidi na wasaidizi walisonga mbele kidogo kuliko wenzao wa aina yao waliosaidiwa kidogo. Kwa nini? Mtoto mzito alikuwa anakabidhiwa kwa msaidizi, mwalimu anabaki na wepesi. Yule aliyemhitaji zaidi mwalimu akawa hamwoni. Na msaidizi ambaye hakuandaliwa alikuwa anahangaika kazi iishe, hata kwa kumtajia mtoto jibu, badala ya mtoto aelewe.

Lakini India wakatoka na jibu jingine. Katika miji ya Mumbai na Vadodara, miaka ya 2001 hadi 2003, shirika la Pratham liliwachukua wasichana wa mtaani waliomaliza sekondari, likawapa mafunzo ya wiki mbili. Kazi yao ilikuwa moja: kuwatoa watoto walioachwa nyuma, kama 15 hadi 20, kwa saa mbili kila siku, na kuwafundisha kusoma na kuhesabu kuanzia pale walipo. Alama zikapanda vizuri. Kati ya wasomi walioupima mpango huo, Abhijit Banerjee na Esther Duflo walipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa tafiti zao za namna hiyo.

Umeona tofauti? Wasichana wale hawakuwa na shahada. Walikuwa na kazi inayoeleweka, muda unaojulikana na mtu wa kuwaelekeza. Msaidizi anayeambiwa tu "kaa hapo uangalie watoto" atakaa na ataangalia. Basi.

Kabla hujasaini

Vijana wenzangu, najua mtaani kazi ni ngumu na ukisikia nafasi shuleni unakimbilia. Nenda, ni kazi ya heshima. Lakini usiende kichwa kichwa kama nilivyowaona wengi, wanaokaa mwaka mzima hawajui hata kama wameajiriwa au wanajitolea.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimtambui 'anti'. Inamtambua mwajiriwa, na wewe ni mwajiriwa. Unatakiwa upewe kwa maandishi kazi yako ni ipi, saa zako ni ngapi na mshahara wako ni kiasi gani. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Likizo ya mwaka yenye malipo ni siku 28. Ukiambiwa "hapa sisi ni familia, mambo ya karatasi ya nini", uliza kwa upole: familia hiyo inakatwa NSSF?

Uliza pia maswali ya kazi. Nitakuwa chini ya mwalimu gani? Tutakaa lini kupanga wiki? Mtoto akianguka, nampigia nani kwanza? Mwalimu asipokuja, nani anashika darasa? Mwenye shule akikasirika kwa maswali hayo, umeshapata jibu.

Na walimu nao wasikwepe. Dakika kumi za asubuhi kumwambia msaidizi leo tunafundisha nini na nani anahitaji kuangaliwa, zinaokoa siku nzima. Usimpe watoto wazito kila siku. Badilishaneni: leo yeye azunguke na wepesi, wewe kaa chini na yule asiyejua herufi. Wewe ndiye uliyesomea.

Wazazi, ninyi ndio wenye nguvu kuliko wote, maana ndio mnaolipa. Kwenye kikao cha wazazi mnauliza habari ya sare, gari la shule na mahafali. Siku moja ulizeni darasa la mwanenu lina watu wazima wangapi, wamefundishwa nini, na wanalipwa kwa wakati au la. Mtu mwenye miezi mitatu hajalipwa atakuja kazini, tena atacheka na watoto. Lakini macho yake yatakuwa kwenye simu, akitafuta kazi nyingine, na siku hiyo mtoto asiyesikia ataendelea kuitwa mkorofi.