Tuyatunze Masikio Tuendapo Kusikiliza Muziki

Mwezi huu tutazungumza juu ya masikio, na tutaanzia mbali kidogo. Huko Uingereza, Marekani na Australia ipo desturi ya bendi kujifunza santuri nzima ya muziki wa roki wa zamani na kuipiga jukwaani, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Bendi iitwayo The Australian Pink Floyd Show, iliyoanzia mjini Adelaide mwaka 1988, imewahi kuipiga hivyo The Dark Side of the Moon, santuri ambayo kundi la Pink Floyd liliitoa mwaka 1973. Huanza na kuishia kwa mapigo ya moyo (sisi wauguzi tunayafahamu vizuri!), na ndani yake zimo saa nyingi zinazolia kwa mara moja. Wale wenye ndugu huko huenda wakaalikwa siku moja. Waende, maana ni burudani nzuri.

Lakini nyumbani santuri hiyo huchukua dakika 43 hivi, na ikikuchosha unapunguza sauti. Ukumbini sauti iko mikononi mwa fundi wa mitambo, na onyesho lenye nyimbo za nyongeza hufika saa mbili.

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama konokono. Humo zimo chembe hai zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo sana, ambavyo hutikiswa na sauti na kupeleka habari kwenye ubongo. Sauti kubwa huvilaza vinyweleo hivyo kama upepo ulazavyo mpunga. Vikipumzishwa mapema, vingi huinuka. Vikipigwa mno, chembe hufa, na kwa binadamu hazioti tena. Sikio halijui kama kelele ni ya mashine ya kusaga au ya wimbo unaoupenda.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa usalama kazini husema desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda huo hukatwa nusu. Kwa hiyo 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 ni dakika 15 tu. Muziki wa roki jukwaani hufika 100 mara nyingi, na zaidi. Mwaka 1976 bendi ya The Who ilipimwa huko Charlton, London, ikatoa desibeli 126 umbali wa mita 32 kutoka kwenye spika. Pete Townshend, mpiga gitaa wake, ameeleza hadharani jinsi masikio yake yalivyoharibika.

Katika maonyesho haya wanaotutia wasiwasi zaidi ni wazee. Aliyeinunua santuri ile akiwa na miaka 20 sasa amepita 70, na uzee umekwisha kumpunguzia usikivu. Naye huja na mjukuu mkononi!

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, wasikilizaji wapatiwe vizibo vya masikio, na pawepo mahali pa utulivu. Basi mtu asione haya kuuliza vizibo mlangoni. Pamba ya kawaida haisaidii sana. Akae mbali na spika, na wakati wa mapumziko atoke nje badala ya kukaa humo humo kwenye kelele. Mtoto avalishwe vikinga masikio vinavyofunika sikio lote. Hata hapa kwetu, spika za harusini hazina huruma kuliko hizo, na watoto hupenda kucheza mbele yake hasa.

Baada ya onyesho wengine husikia mlio masikioni, kama ule wazee wetu walioujua walipomeza kwinini. Hiyo ni dalili kwamba sikio limeumizwa. Mara nyingi mlio hutulia baada ya saa chache au siku moja. Usipotulia, au mtu akiamka sikio moja halisikii, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu zipo dawa zinazofaa zikiwahiwa. Asitiwe mafuta ya moto wala maji ya kitunguu. Hayafiki kule ndani palipoumia.