Lehemu na Chomelea: Mipaka ya Istilahi za Kuunga Metali Kandokando ya Ziwa Viktoria

Kiswahili kina vitenzi viwili vikuu vya kuunga metali kwa joto: lehemu na chomelea. Kazi zenyewe, hata hivyo, ni tatu. Ya kwanza huyeyusha kijazio laini, kama vile mchanganyiko wa bati na risasi, kwa joto lisilofika nyuzi 450 za Selsiasi. Ya pili huyeyusha kijazio kigumu zaidi, hasa aloi za shaba au fedha, kwa joto linalopita kiwango hicho. Katika kazi hizo mbili vipande vinavyoungwa haviyeyuki. Kijazio ndicho hupenya katika mwanya mwembamba ulio kati yake na kugandia humo. Ya tatu huyeyusha kingo za vipande vyenyewe hadi vikawa kitu kimoja.

Mgawanyo wa vitenzi haufuati mgawanyo huo, na sababu yake imo katika asili ya maneno. Lehemu limetokana na Kiarabu, katika mzizi uleule unaozaa neno la nyama na lile la jeraha kufunga. Katika Kiarabu chenyewe, nomino ya mzizi huo hutaja kuunga metali kwa jumla, iwe kwa risasi au kwa kuyeyusha vipande. Kiswahili kimelipokea neno na kulifinya: lehemu ni nomino ya kijazio na pia ni kitenzi cha kukitumia. Chomelea, kwa upande wake, ni zao la ndani. Choma huzaa chomea, na chomea huzaa chomelea, kwa kurudufu kauli ya kutendea, mbinu ambayo mara nyingi huongeza maana ya ukamilifu au ya kung'ang'ania. Tofauti hujitokeza hata katika yambwa. Fundi hulehemu karabai, yaani kile chombo kinachotengenezwa. Lakini huchomelea bawaba mlangoni, yaani kile kinachoongezwa. Inawezekana pia kusema kwamba amechomelea mlango mzima, lakini hapo dhana ya kupachika kitu juu ya kingine bado haijatoweka.

Mwanza hutoa mifano ya kazi zote tatu bila mtu kuondoka ufukweni. Karabai iliyozoeleka katika uvuvi wa dagaa usiku ina tangi la shaba ya njano linalotiwa upepo. Tangi hilo likivuja huweza kuzibwa kwa lehemu ya bati na risasi. Sehemu iliyo karibu na mwali haiwezi, kwa kuwa lehemu hiyo huyeyuka kabla ya nyuzi 200. Hapo huhitajika kijazio cha aina ya pili. Katika viwanda vya kusindika sangara, mabomba ya shaba ya vyumba vya baridi huungwa pia kwa njia hiyo ya pili. Na katika yadi ya Mwanza Kusini, ambako meli ya MV Mwanza Hapa Kazi Tu, yenye urefu wa zaidi ya mita 90, ilishushwa majini mwaka 2023, kazi ni ya aina ya tatu. (Meli za chuma za kwanza za ziwa hili, mwanzoni mwa karne ya 20, zilishikwa kwa ribiti, chomelea halikuwa na kazi huko.)

Kazi ya pili ndiyo isiyo na jina. Kwa kuwa hutumia mwali wa gesi, ni rahisi kuiita kuchomelea kwa gesi, jina linalotaja chombo na kuficha kinachotukia ndani ya metali. Hasara yake si ya kinadharia tu. Aloi ya shaba na fosforasi hushika vyema bomba la shaba kwa shaba, lakini ikitumiwa kwenye chuma hufanya kiungio chenye kuvunjika kwa urahisi. Mwanagenzi aliyefundishwa kwamba yote ni kuchomelea hana neno la kumwonya kwamba hapa chaguo la kijazio ndilo linaloamua, wala kwamba hapaswi kuyeyusha bomba lenyewe.

Kukopa neno la Kiingereza na kulipa irabu ya mwisho kungemaliza tatizo kwa haraka, lakini neno hilo lisingemwambia mwanafunzi chochote. Inafaa zaidi kulipanua lehemu, kwani kazi ya kwanza na ya pili zina sifa moja ya msingi: kijazio huyeyuka, vipande haviyeyuki. Lehemu ya shaba ni jina linaloeleweka papo hapo, ila huiacha nje fedha. Lehemu ngumu hujumuisha zote mbili na husimama vizuri mkabala na lehemu laini. Kasoro yake ni kwamba mfundishaji akisema kulehemu kugumu, darasa litaelewa kazi yenye taabu. Kwa hiyo kivumishi kibaki kwenye nomino ya kijazio, na kitenzi kisemwe kwa kihusishi: kulehemu kwa lehemu ngumu. Urudiaji huo unaudhi sikio kidogo, lakini chomelea hubaki na kazi yake moja, ile ya yadi ya meli.