Injini ya mtumba na aibu iliyofichika

Baada ya Swala ya Ijumaa hapa Kaole, alitujia ndugu mmoja mwenye Hiace ya abiria iendayo Makumbusho. Alikuwa amenunua injini ya mtumba Dar es Salaam kwa akiba ya familia nzima. Ilioshwa ikang'aa. Baada ya siku mbili akaona oili imekuwa kama maziwa, dalili ya kuchanganyika na maji. Aliendelea kubeba abiria mwezi mzima, ndipo akatuuliza: je, anayo haki ya kuirudisha?

Jibu letu halikumfurahisha. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, mnunuzi aliyegundua aibu iliyokuwapo kabla ya mauzo ana hiari ya kurudisha, ila afanye hivyo mara tu anapoijua. Akiendelea kuitumia, ameiridhia. Muuzaji naye asijikinge kwa kauli ya "mali ikishauzwa hairudishwi". Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo, sharti hilo halimvui dhamana ya kasoro ya kitu kama injini. Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni Madina akakuta umajimaji ndani, alimuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone.

Basi nasi tuingize mkono. Mafundi wanatueleza kuwa mara nyingi injini hizi huuzwa oili ikiwa imeshamwagwa, kwa hiyo omba sampo ifunguliwe: tope jeupe lililobaki humaanisha maji, na chembe zing'aazo humaanisha beringi zinalika. Ikiwa ni ya petroli, toa plagi zote, uzungushe krenki kwa spana, ikikwama, iache. Kisha ipimwe kompresheni kila silinda. Tofauti ikizidi takriban asilimia 15, tia kijiko cha oili katika silinda dhaifu, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, shuku valvu au gasketi. Kazi hii haimalizi asubuhi moja, na muuzaji anayeikataa amekwisha kukujibu.

Ndugu yetu alirudi kwa muuzaji kuomba suluhu, si kudai haki. Hedi ilipofunguliwa, gasketi ilikutwa imeungua, bloku ni nzima. Wakagawana gharama nusu kwa nusu.