Miraba ya Halloween katika mablanketi ya viraka: ipi ishonwe, ipi ifichwe

Mablanketi ya viraka ni msaada unaofahamika kwa Walutheri. Shirika la Lutheran World Relief la Marekani lilianzishwa mwaka 1945, na kwa miaka mingi akina mama wa sharika za huko wameshona mablanketi kwa mabaki ya vitambaa, yakapelekwa nchi nyingi. Kipimo chao ni kama sentimita 150 kwa 200. Kwanza hushonwa miraba, kisha miraba huunganishwa, huwekwa nguo nzito katikati na kitambaa kingine nyuma.

Anayeshona kwa mabaki hutumia alichonacho. Huko Marekani, Novemba inapoanza, mabaki mengi ni ya Halloween, na hapo ndipo maelezo yanahitajika pande zote mbili.

Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote. Ilipelekwa Marekani zaidi na wahamiaji kutoka Ireland katika karne ya 19. Watoto huvaa sura za kutisha na kupita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende, na maboga huchongwa macho na meno, taa ikawekwa ndani. (Tarehe hiyo hiyo sisi tunakumbuka Matengenezo ya Kanisa ya mwaka 1517, ila hayo ni mambo mawili tofauti.) Madukani huuzwa vitambaa vya rangi ya chungwa na nyeusi vyenye maboga, popo, paka weusi, utando wa buibui na mafuvu. Kwa wenyewe ni mchezo wa watoto. Hakuna anayeabudu popo, na tunaomba kamati zisiwafikirie wafadhili vibaya.

Lakini blanketi likifika Mtwara hubeba maana nyingine. Paka mweusi kwetu husemwa katika habari za uchawi. Fuvu tunaliona kwenye nguzo za umeme na kwenye chupa za sumu. Ng'ambo ya Ruvuma, mabango ya fuvu yalionyesha palipotegwa mabomu ya ardhini, hadi Msumbiji ilipotangazwa mwaka 2015 kuwa imeyaondoa. Tena Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya mto, kilivamiwa na watu wenye silaha kutoka upande wa pili. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Mtu aliyekimbia usiku wa namna ile hapaswi kufunikwa mafuvu, hata kama aliyeyashona alikuwa anacheka.

Wafadhili wasielewe kwamba sura za kutisha ni ngeni kwetu. Wamakonde wana vinyago vya kuvaa usoni, midimu, na Wamakonde wa Msumbiji huviita mapiko. Huchezwa nyakati za jando na unyago. Lakini vina msimu wake na wenyewe wake, navyo havilazwi kitandani.

Boga ni jambo jingine kabisa. Boga ni chakula, na majani yake ni mboga. Kwa hiyo ushauri wetu ni kushona boga bila uso. Mraba wake ni rahisi hata kwa anayeanza kutumia cherehani, na kitenge au khanga ya rangi ya chungwa inatosha kabisa.

Kata kitambaa cha chungwa upana sm 32 na kimo sm 26. Kata vipande vinne vya mraba vya rangi nyeusi au buluu, sm 7 kila upande. Weka kimoja kila pembe ya chungwa, nyuso za nguo zitazamane, shona kutoka pembe hadi pembe ili mshono ukate kona, punguza kinachozidi, kunjua na upige pasi. Kona zikishakatwa hivyo, boga limekuwa la mviringo. Kwa kikonyo, unganisha kipande cha kijani cha sm 6 kwa 8 katikati ya viwili vyeusi vya sm 15 kwa 8, kisha shona ukanda huo juu ya boga. Kila mshono uache sentimita moja. Mraba ukiunganishwa na mingine utabaki sm 30, na miraba 35, mitano kwa saba, inatosha blanketi moja.

Nguo zote zifuliwe kabla ya kukatwa. Nyeusi na nyekundu mpya zisuguliwe kwanza kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Zikichuja, zitaharibu kazi yote. Pamba isichanganywe na nailoni, maana pasi ya mkaa huikunja nailoni mara moja. Mwisho, tabaka tatu zifungwe kwa mafundo ya uzi imara, moja kila baada ya sm 15 hivi, ili nguo ya ndani isikusanyike upande mmoja ikifuliwa.

Vitambaa vya mafuvu na popo ambavyo tayari mnavyo visitupwe. Viwekwe tabaka la katikati, chini ya nguo nzito ya giza ili visionekane kwa juu. Kabla ya kugawa, kamati iwaonyeshe mablanketi akina mama wawili watatu wa mtaa, na mmoja wao awe jirani Mwislamu, kwa kuwa wengi watakaoyapokea pwani hii ni Waislamu. Wafadhili wanaotaka kushona kwa ajili yetu watutumie kwanza picha za vitambaa, kabla ya kulipia mzigo.