Nyembamba, kongwe, ndogo: kadi za kamera za zamani na visoma kadi vyake

Tuanze na nyembamba kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayosumbua kuliko zote. SmartMedia ya Toshiba, ya mwaka 1995, ina unene wa milimita 0.76, sawa kabisa na kadi ya benki. Wembamba huo una gharama: ndani mna chipu ya kumbukumbu tu, haina kidhibiti chake, hivyo kazi ya kupanga data imeachiwa kamera na kisoma kadi. Iliishia MB 128, na visoma kadi vya leo karibu vyote vimeitupa. Mwenye Olympus au Fujifilm ya miaka hiyo atafute kisoma kadi cha mtumba cha enzi hizohizo, na ahakikishe volti kwanza, maana zilitoka SmartMedia za volti 5 na za volti 3.3; hutofautishwa na upande wa pembe iliyokatwa. Tena asiifomati kwenye kompyuta. Kamera inaweza kuikataa.

SmartMedia hiyohiyo ndiyo yenye kisoma kadi cha ajabu kuliko vyote: FlashPath. Kina umbo la disketi, kina betri ndani, na kadi ikishapachikwa, kinasukumwa kwenye kiendesha disketi kama disketi yoyote. Kilikuwa polepole mno, lakini aliyekibuni nampa heko.

Kongwe kuliko zote ni CompactFlash. SanDisk iliitoa mwaka 1994, na mwaka 2016 Canon 5D Mark IV bado ilikuwa na nafasi yake. Pini 50 zimo ndani ya kisoma kadi, si kwenye kadi, kwa hiyo kadi ikiingia kombo pini inapinda na mchezo umekwisha. Chagua chenye tundu refu linaloishika kadi pande zote kabla haijagusa pini. Vile vifupi vya bei ya kutupa viache dukani. Kama una Microdrive ya IBM, diski halisi inayozunguka ndani ya umbo la kadi, tundu lazima liwe la aina ya pili, la milimita 5. La milimita 3.3 haliipokei.

Ndogo kuliko hizo ni xD ya Olympus na Fujifilm, ya mwaka 2002: milimita 20 kwa 25, mwisho GB 2. Hapa angalia umri wa kisoma kadi, kwani kilichotengenezwa kabla ya xD za aina ya M kutoka mwaka 2005 huenda kisizisome.

Inayochanganya watu kuliko zote ni SD. Kisoma kadi kipya husoma SD za zamani bila shida. Tatizo ni kamera. Iliyotengenezwa kabla ya SDHC, yaani SD ya ujazo mkubwa, ya mwaka 2006 haiitambui kadi ya GB 8, ingawa inaingia vizuri. Nunua ya GB 2 au chini.

Na boksi linalojigamba kusoma kadi za aina hamsini na kitu? Hesabu matundu, si majina. Tundu moja la SD huhesabiwa mara nyingi kwa majina tofauti. Wala usilipie zaidi kwa ajili ya USB 3.0 kama kadi yako ni ya MB 64: mwendo unaamuliwa na kadi yenyewe.