Nani Alishusha Bei ya Umeme wa Jua?

Zamani umeme wa jua ulikuwa wa matajiri. Leo mama wa kijijini ananunua paneli ndogo na kuaga moshi wa koroboi. Badiliko hili lilitoka wapi?

Tutazame Ujerumani, nchi yenye mawingu mengi. Mwaka 2000 serikali ilipitisha sheria: aliyeweka paneli juu ya paa lake aliuza umeme kwa bei iliyohakikishwa kwa miaka 20. Familia na wakulima wakaitikia. Wanunuzi walipoongezeka, viwanda vikaongezeka, hasa China, na bei ikaporomoka. Gharama haikukosekana: familia za Ujerumani zililipa nyongeza katika bili za umeme hadi mwaka 2022. Lakini mwaka 2023 zaidi ya nusu ya umeme wao ulitokana na upepo, jua, maji na mimea.

Akina mama, tusiseme sheria ni mambo ya wakubwa. Kenya ilirudisha kodi ya VAT kwenye vifaa vya jua mwaka 2020, ikaiondoa mwaka 2021. Kodi kama hiyo inapojadiliwa bungeni, kinachoamuliwa ni mwanga wa mtoto wetu anayesoma usiku. Tufuatilie, na tuwaulize wabunge wetu.