MAJI NA MALISHO KATIKA JANGWA LA CHALBI



Kaskazini mwa nchi jirani ya Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana, limetandaa Jangwa la Chalbi, uwanda wa chumvi ambao zamani za kale ulikuwa ziwa. Asiyeijua nchi hiyo huidhania kuwa haina mwenyewe. Hilo ni kosa, nalo laweza kugharimu maisha ya watu.

Jambo la kufahamu ni kwamba huko maji na majani havikai pamoja. Vilima vya Huri, kaskazini ya jangwa, huota majani mazuri wakati wa mvua, lakini havina maji ya kudumu, kwani mwamba wake wa volkano hunyonya mvua na kuipeleka chini. Maji hayo hupita chini kwa chini, na mengine huibuka pembezoni mwa jangwa katika chemchemi kama ile ya Kalacha, mahali ambapo malisho ni haba. Kwa hiyo wafugaji wa Kigabra hawana budi kuhama. Ngamia aweza kustahimili siku 10 bila kunywa, hivyo hupelekwa mbali. Ng'ombe, asiyeweza kupita siku 3 hivi, hawezi kuachana na maji. Kuhama huko si kutangatanga. Ni matumizi ya ardhi yaliyopangwa.

Kisima nacho kina sheria zake. Kwa jirani zao Waborana, visima virefu vina msimamizi wa zamu aitwaye abba herega. Mfugaji hanyweshi kabla ya zamu yake, kama vile askari asivyoacha lindo kabla ya zamu yake kwisha.

Sheria hizo zikivunjika, bunduki hushika nafasi yake. Mwezi Julai 2005, katika kijiji cha Turbi, watu zaidi ya 50 waliuawa, wakiwamo watoto wa shule. Ugomvi wa maji na malisho ulikuwa miongoni mwa vyanzo vyake. Mwezi Aprili 2006, ndege ya jeshi iliyowachukua viongozi waliokwenda Marsabit kutafuta suluhu ilianguka, watu 14 wakafariki.

Hata kisima kipya cha mashine chaweza kuleta balaa kikichimbwa bila kuwauliza wenye malisho, maana mifugo itaganda hapo mwaka mzima, na majani ya akiba yatakwisha.

Kwa hiyo askari anayetumwa kulinda amani kisimani, akijua silaha ziliko ameijua nusu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kujua leo ni zamu ya nani kunywesha.